Aliyesema Mkutanoni

Kwa miezi minane niliwafundisha wanafunzi tisa wa chuo kuongoza mikutano, na Eligio ndiye aliyekuwa mwoga kuliko wote. Kwa hiyo alipoomba twende tufanye mazoezi kijijini kwao, kule juu milimani Oaxaca, nilifurahi sana.

Bomba la maji lilikuwa limepasuka tangu Pasaka. Jumapili mkutano wa kijiji ulibishana kwa saa mbili bila mwafaka. Nikamgusa Eligio begani.

"Simama, useme."

"Mwalimu, hapa wanafunzi tunakaa kimya."

"Ndiyo maana nakwambia simama."

Akasimama. Sauti ilitetemeka, kisha ikatulia. Akagawa kazi mtaa kwa mtaa, akamtania hata mwenyekiti, mzee Crisóforo: "Wewe mzee wangu utabeba chakula tu, mgongo huo tunaujua." Watu wakacheka, wakakubaliana. Machozi yalinilenga.

"Imebaki nafasi ya tarishi wa kijiji," Crisóforo akasema. "Mwaka mzima, bila malipo. Nani?"

"Huyo huyo!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Anayesema mkutanoni ni mtu mzima. Mtu mzima anatumikia."

Mikono ikapanda ukumbi mzima.

Niliruka kitini. "Jamani, amebakiza mwaka mmoja amalize chuo! Akikosa muhula tu, ufadhili umekwenda!"

"Mwalimu, tunakuheshimu," Crisóforo alisema kwa upole. "Lakini kura si yako."

"Na akikataa?"

"Mama yake atanyang'anywa shamba na maji. Sheria hiyo nimeikuta."

Eligio alimtazama mama yake, Hermila, aliyeketi safu ya nyuma. Kisha akapokea fimbo ya utarishi.

Jioni nilikaa jikoni kwa Mama Hermila. Nilimwambia nimekosa. Alinisogezea maharagwe na tortilla, chapati za mahindi.

"Angekuwa wa kwanza," alisema baadaye. "Kwetu hakuna aliyewahi kumaliza chuo."

Mlango ukagongwa.

"Hermila Yescas!" Ilikuwa sauti ya Eligio, akiita kama anavyoita kila nyumba. "Kesho alfajiri, kazi ya bomba. Uje na sururu."

Mama akaziba mdomo kwa aproni. Tarishi haondoki mpaka aitikiwe. Nilitamani kuitikia mimi, lakini jina langu halikuwa kwenye orodha yake.

"Mama," akasema, safari hii polepole. "Niitikie, mama. Nimebakiza nyumba arobaini."