Mtandao wa Teik Hooi

Swee Gaik alikuwa amesimama juu ya kiti cha jikoni, mbele ya madhabahu ya wazee, akiikodolea macho taa nyekundu. Kushoto kwake palikuwa na picha ya baba yake, marehemu Khor Boon Teong, amevaa shati lake la kazi ya posta. Kulia palikuwa na sahani ya machungwa na kikombe cha chai iliyopoa. Katikati ndipo ilipokaa ruta mpya ya intaneti, yenye taa hiyo, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa na tundu moja tu la umeme lisilolegea, nalo ni lile la taa za madhabahu.

"Bado?" aliuliza mama yake, akiwa mezani anamenya balungi.

"Bado."

"Ya zamani haikuwa hivi."

"Ya zamani ilipigwa na radi, mama."

"Kabla ya hiyo radi haikuwa hivi."

Gaik akachomoa waya, akasubiri kama alivyoelekezwa kwa simu na binti wa huduma kwa wateja, akachomeka tena. Taa ikawaka njano, ikapepesa, ikampa moyo kidogo, halafu ikarudi nyekundu. Tangu asubuhi alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo ya kuchomoa na kuchomeka, na sasa alikuwa ameanza kuichukia ile ruta kama mtu anavyomchukia jirani.

Asingejisumbua hivyo kwa ajili ya kuangalia video. Ijumaa hiyo, saa kumi jioni, majaji watatu wa chuo kimoja cha muziki huko Sabah, ng'ambo ya bahari, walikuwa wamsikilize akipiga piano moja kwa moja mtandaoni. Wakimpenda, angepewa kazi ya kufundisha, pamoja na chumba cha kuishi chuoni. Gaik alikuwa na miaka arobaini na minne na hajawahi kulala kwenye chumba ambacho mlango wake haufungukii jikoni. Intaneti ya simu haikuwa ya kutegemea pale Taiping kwao. Mlima wa nyuma ya nyumba uliimeza yote, ikabaki kidogo tu getini, na piano haiwezi kwenda getini.

Siku ya pili alikuja fundi wa kampuni, Sivanesan, mtu wa Kamunting, mji wa jirani, amelowa chapachapa. Alivua viatu, akaiinamia picha ya marehemu kwa adabu, akachomeka kipimo chake ukutani.

"Laini yenu nzima," alisema. "Tatizo liko humu ndani."

Akaanza kuzunguka na kipimo mkononi. Sebuleni, penye piano, patupu. Jikoni, patupu. Chumbani kwa Gaik, patupu kabisa. Kwenye ngazi kipimo kilianza kupanda, na huko juu, mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, kilijaa mpaka mwisho.

"Humu analala nani?"

"Hakuna mtu," alisema Gaik. "Ni chumba cha mdogo wangu, Teik Hooi. Yuko ng'ambo, Perth."

"Kaondoka juzi?"

"Ana watoto wanaonyoa ndevu huko."

Mama yake, ambaye ufunguo wa chumba hicho hutembea nao kiunoni, aliwafungulia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mto palikuwa na pajama zimekunjwa, na dirishani kikombe cha ushindi wa mpira wa shule, kisafi, hakina hata chembe ya vumbi. Sivanesan alisimama katikati ya chumba akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa hata hospitali ingefanyia upasuaji."

Ili asibahatishe, aliishusha ruta kutoka kwenye madhabahu kwa waya mrefu, akamwekea Gaik mapajani, chumbani kwake. Kipimo hakikushtuka. Akapanda juu akapima tena, kumejaa vilevile. Akarudi akiandika kwenye simu yake.

"Inakupita kichwani, dada, inakwenda kwa mdogo wako."

"Unaweza kuizuia?"

"Nikiingia kwenye mipangilio yake. Kile kikadi kilichokuja kwenye boksi kiko wapi? Chenye neno la siri."

Gaik akamtazama mama yake. Mama yake akatafuta kokwa kwenye balungi lake.

"Nilimpelekea baba yako," alisema mwishowe.

Jumapili walikuwa wamekwenda makaburini kufagia, kama kila mwaka, na kumchomea mzee vitu vya karatasi: mashati, viatu, gari, na mwaka huu ruta ya karatasi pia, maana ile ya nyumbani ilikuwa imekufa na mama aliona si haki mumewe akae hana. Kwa vile ruta isiyo na neno la siri ni boksi tu, alikitia kile kikadi ndani yake kabla ya kuiwasha moto.

"Ulitaka akae nayo kama pambo?" aliuliza.

"Basi ufunguo anao mzee," alisema Sivanesan, akifunga mkoba wake. "Kamunting ninao wateja wa namna hii. Marehemu akishapewa neno la siri, kampuni haiwezi kumnyang'anya. Itabidi muelewane naye."

Mama akanawa mikono, akawasha udi, akachukua zile sarafu mbili, zenye ua upande mmoja na namba upande wa pili, ambazo hutumika kuzungumza na wazee. Zikianguka moja ua na nyingine namba, mzee amekubali. Zikiwa namba zote, amekataa. Zikiwa maua yote, anacheka, na hapo inabidi uulize upya.

"Baba Hooi," alisema mama, ambaye alimwita mumewe hivyo miaka yote ingawa Gaik ndiye aliyezaliwa kwanza, "ni wewe uliyeishika intaneti?"

Ua na namba.

"Umekasirika?"

Namba zote mbili.

"Unataka nyama ya nguruwe ya kuchoma?"

Maua mawili.

"Anaitaka," alieleza mama, "lakini si hiyo."

"Muulize habari ya jina," alisema Sivanesan, ambaye alikuwa ameshapewa balungi na hakuwa na haraka tena. "Ile ya zamani mtandao wake mliuitaje?"

"Teik Hooi," alisema Gaik. "Baba aliuita mwenyewe. Ulifungwa ili tuzungumze na Hooi."

"Na huu?"

"Huu nimeuita Gaik."

Sivanesan akashusha pumzi kama fundi bomba aliyeona penye tundu. Akaeleza kwamba kubadilisha vifaa ndivyo kulivyo. Laini huzoea kifaa kimoja, na ukiiletea kingine inakikana hata kiwe kizuri namna gani. Dawa yake ni kukiambia kile kipya kijitambulishe kuwa ndicho cha zamani, hapo kinapita.

"Hata nyumba zisizo na marehemu tunafanya hivyo hivyo," alisema.

"Baba Hooi, tuuite Teik Hooi?"

Ua na namba, papo hapo, bila sarafu kubingirika.

"Hapana," alisema Gaik. Aliielekea picha. "Kwa Ijumaa moja tu, hapana."

Sivanesan alimfungulia kwenye simu mlango wa kubadilisha jina, kwa sababu mlango huo haukuhitaji kikadi, akampa namba yake, akavaa viatu vyake vilivyolowa akaenda zake.

Jumatano na Alhamisi Gaik hakupiga piano kama alivyopanga. Alikuwa juu ya kiti. Alichokonoa kitundu cha nyuma kwa hereni yake mpaka ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, akauita mtandao Gaik, ukawa mwekundu. Akauita Piano, mwekundu. Akauita Khor, jina la ukoo ambalo hakuna anayeweza kulilalamikia, na taa ikakaa njano asubuhi nzima, mzee akilifikiria. Kufika chakula cha mchana ikawa nyekundu. Alinunua nyama ya nguruwe ya kuchoma, akaiweka mbele ya picha mpaka udi ukaisha, wakaila wenyewe na mama yake.

Piano yenyewe ilinunuliwa kwa ajili ya Hooi. Mwalimu alikuwa akija Jumamosi, Hooi anachungulia mpira dirishani, na Gaik anakaa kwenye ngazi akikunja nguo, vidole vyake vikizipiga juu ya mashuka zile nota ambazo Hooi ameshindwa kuzipiga. Gaik alipochaguliwa kwenda chuo cha muziki cha ng'ambo, baba yake aliisoma barua, akasema imeandikwa vizuri, na kwamba nyumba hii itapeleka ng'ambo mtoto mmoja. Hooi akaenda kusomea ukadiriaji wa majengo. Gaik akabaki, akafundisha watoto wa watu sebuleni, akamwogesha baba yake mpaka mwisho wake. Hakuwa na kinyongo na mtu, alikuwa akisema. Siku hizo mbili juu ya kiti aligundua kwamba anacho, na kwamba ni kikubwa.

"Nilikulisha kwa kijiko, baba," aliiambia picha. "Kwa kijiko. Saa moja tu nakuomba."

"Usimpigie kelele," alisema mama yake. "Anakula."

Ijumaa baada ya chakula cha mchana aliandika Teik Hooi. Taa ikawa kijani kabla hajatoa kidole chake. Intaneti ikajaa sebuleni, jikoni, chooni, mpaka kwenye kibanda cha kuku.

Alimpigia Sivanesan.

"Inafika kila mahali?"

"Inafika."

"Basi tatizo limekwisha, dada."

Saa kumi alikuwa amekaa kwenye piano, amevaa blauzi ya kijani yenye maua aliyoishona mwenyewe. Kompyuta yake aliiegemeza juu ya rundo la vitabu vya nota, mama yake akaambiwa asipite nyuma, akapita, akaambiwa tena. Majaji wakatokea, wanawake wawili na mwanamume mmoja, picha safi kabisa, haigandi. Wakamwashiria aanze.

Alikuwa katikati ya kipande cha kwanza alipoiona ile picha ndogo ya pembeni, ambayo mtu hujiona mwenyewe. Kwenye kiti chake alikuwa amekaa Teik Hooi, mnene kidogo, kipara kimeanza, amevaa blauzi ya kijani yenye maua, imembana mabegani. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa vya Gaik. Alifikiria kusimama. Lakini kanuni zilisema anayesimama katikati ameshindwa, naye alikuwa ameisubiri siku hii tangu akiwa kwenye ngazi, kwa hiyo akaendelea. Akapiga kipande cha pili, akapiga na cha tatu, kile alichokichagua mwenyewe, na alikipiga kama hajawahi kupiga maishani mwake, kwa ghadhabu na kwa usahihi. Jaji mmoja alivua miwani akaifuta.

"Asante sana, Bwana Khor," alisema.

"Mimi ni Swee Gaik," alisema Gaik. Alijisikia akilitamka. Kwenye spika ikarudi sauti ya mdogo wake ikisema Teik Hooi.

"Ndiyo, jina tunaliona hapa. Tulikuwa tukimsubiri dada yako, ndiye aliyeomba, lakini hakutokea. Wengi hutetemeka dakika za mwisho. Si kitu. Nadhani naweza kusema sasa hivi, nafasi ni yako."

"Dada ni mimi," alisema Gaik. "Ndiyo mimi huyu, nimekaa hapa."

"Msalimie," alisema jaji, na skrini ikafungwa.

Hooi alipiga simu Jumatatu, picha yake ikiwa safi kuliko miaka yote.

"Dada, nimeandikiwa barua na chuo huko Sabah, eti nimepiga piano wakalia. Mimi! Hata nota ya do sijui iko wapi."

"Ulipiga vizuri," alisema Gaik.

"Nimewajibu kwa heshima kwamba siwezi, nina kazi huku."

"Ungewaambia wanipe mimi."

"Niliwaza hivyo. Lakini barua ina jina langu, dada. Wamesema watatangaza tena mwakani, au mwaka utakaofuata. Mama hajambo?"

Mama alikuwa hajambo kabisa. Aliichapisha dukani ile barua, ambayo Hooi alimtumia kwa simu, akaitia kwenye fremu, akaiegemeza kwenye madhabahu karibu na ruta, na kila jirani aliyeingia kuomba chumvi alionyeshwa. Teik Hooi, aliwaambia, tangu mdogo alikuwa na mkono wa piano.

Jioni hiyo mama alipokuwa anaoga, Gaik alipanda juu ya kiti akafuta vumbi la udi kwenye ile taa ya kijani. Kisha akazichukua zile sarafu mbili.

"Baba, Ijumaa ulinisikiliza?"

Ua na namba.

"Nilipiga vizuri?"

Ua na namba.

"Na aliyepiga ni mimi?"

Maua mawili. Akaziokota, akauliza tena, maua mawili. Mara ya tatu akauliza polepole, kwa jina lake kamili, kama mtu anayejaza fomu dirishani posta, na sarafu zikaanguka juu ya ubao wa madhabahu, moja baada ya nyingine, ua, na ua.

"Gaik!" mama yake aliita kutoka bafuni. "Niwekee tamthilia yangu, naja."

Gaik akazirudisha sarafu mahali pake, akashuka, akamwekea. Ilifunguka mara moja, haikukwama hata kidogo.