Mkaguzi wa Hali Ngumu

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hahitaji redio imwambie uchumi umekaaje. Viuno vya watu vinatosha. Miaka ile mambo yalipokuwa mazuri, kazi iliyonijia sana ilikuwa ya kuongeza: ongeza kiuno, ongeza kifua, fundi achia kidogo huo mshono wa nyuma, nimenenepa. Mwaka huu kila anayeingia anataka nipunguze. Mtu analeta suruali niliyomshonea mwaka juzi, anaijaribu, inamvuka. Tena anakaa kwenye benchi kuisubiri, kwa sababu hana nyingine ya kurudia nyumbani akiwa ameivaa kwa heshima. Kushona nguo mpya watu wameshasahau.

Jengo letu lina vyumba tisa vya biashara, vinatazama barabara moja. Mimi niko namba tatu. Namba saba yuko shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anauza magodoro. Jengo zima tunamwita Matumaini, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Magodoro yake yamepanda mpaka darini, mengine hayajatolewa hata nailoni, na yeye anakaa mbele yake kwenye kigoda, amechomekea shati, anawasalimia wapita njia utadhani wote wameshalipa. Ukimuuliza mbona hakuna anayeingia, anakujibu kwa upole mkubwa.

"Wanajipanga, shemeji. Hakuna mtu anayelala chini maisha yake yote. Wanajipanga tu."

Wakati huo walikuwa wamejipanga miezi mitatu. Nilimwambia kama hiyo ni foleni basi ni ndefu kweli, maana hata wa kwanza hajafika mlangoni. Akacheka. Hilo ndilo linalonikera kwake, kwamba humtukani akatukanika.

Siku moja mtaalamu mmoja alisema redioni kwamba uchumi haujaanguka, ila unapumua. Shemeji akatoka kule namba saba mbio mbio kuja kuniambia. "Umesikia? Unapumua." Nikamwambia hata mgonjwa mahututi anapumua, ndiyo maana bado hajazikwa. Akasema mimi nina mdomo mchungu. Nikasema mdomo wangu hauna shida, macho yake ndiyo yana shida, na tukaishia hapo kwa siku ile.

Lakini utani ulikuwa na mwisho wake. Mimi ndiye niliyeandika barua kwa mwenye jengo kwa niaba ya wapangaji wote, kuomba atupunguzie kodi nusu kwa miezi sita. Niliandika kwa sababu nilijua bila nafuu hiyo nafunga. Chumba namba tatu alikianzisha mama yangu. Humo ndimo nilimojifunza kukanyaga cherehani, miguu ikiwa haijafika sawasawa, na alipofariki niliendelea palepale, kwenye meza ileile ya kukatia. Nyumbani kwangu naishi chumba kimoja. Meza hiyo haiwezi hata kupita mlangoni. Kufunga kwangu kulikuwa ni kuacha ufundi, na nilikuwa naogopa, nasema kweli. Usiku nilikuwa silali vizuri kwa hofu hiyo.

Mwenye jengo alijibu. Alisema yeye anaishi mbali, hawezi kujua hali zetu kwa maneno ya karatasi, kwa hiyo atamtuma mkaguzi apite chumba kwa chumba, amsikilize kila mpangaji, na uamuzi utatolewa kwa kila chumba kulingana na mpangaji mwenyewe atakavyosema. Niliisoma barua ile mara mbili nikaona haki imetendeka. Kazi yetu ilikuwa ndogo kuliko zote duniani, kusema kwamba tuna shida.

Tukakaa kikao kwa kinyozi, namba tano, kwa kuwa yeye ana viti. Shemeji akasimama wa kwanza. Akasema mkaguzi akikuta jengo limenyamaza, atamwambia mwenye jengo kwamba sisi tumekwisha, na mwenye jengo atatutoa aweke wenye nguvu. Kwa hiyo siku hiyo tuchangamke. Tuwe wateja sisi kwa sisi. Kinyozi aende kubonyeza magodoro, mama wa steshenari aje kwangu kupimwa gauni, mimi nikakate nywele.

"Nywele zangu mimi?" nikauliza.

"Kukata ncha tu, shemeji. Ili mtu aonekane yuko kwenye kiti."

Nikasimama. Nikawaambia: hebu nielezeni, mtu ana homa, amekokotwa mpaka hospitali, halafu akimwona daktari anaanza kuruka kamba ili aonekane mzima. Dawa atapewa ya nini? Nikasema hili jengo limeharibiwa na watu wa kujikaza. Miezi sita tunajikaza, tunapita mlangoni kwa mwenzetu tukitabasamu, na kila mtu anakunywa chai bila sukari amejifungia. Mara hii tuseme ukweli, basi. Ukweli haudaiwi kodi.

Watu walicheka, wakapiga makofi, na nikashinda. Nakiri nilifurahi kumshinda mbele za watu.

Tena nikawafanyisha mazoezi, maana niliwajua. Nilimwambia kinyozi aondoe viti viwili, abakize kimoja. Mama wa steshenari akasema atavaa gauni lake la kudekia. Nikasema vizuri, ila asipake wanja. Nikapiga marufuku kutabasamu. Halafu nikamfanya kila mmoja aseme kwa sauti: "Hali ni mbaya, bwana, tunakaribia kufunga." Kinyozi aliisema kama anatangaza mshindi wa mashindano, nikamrudisha aanze upya. Mama wa steshenari alicheka kila alipofika kwenye "kufunga". Shemeji aliisema mara moja, taratibu, akakaa. Nikadhani amenuna.

Siku ya siku ikafika. Saa nne asubuhi nikamwona mkaguzi akiingia namba moja, halafu namba mbili. Nilikuwa nimejiandaa kuliko wote. Kitambaa cha maonyesho nilikishusha, benchi nikalitoa nje, na rafu ya nguo zilizokamilika nikaiacha na koti moja ambalo mwenyewe hajalifuata tangu mwaka jana. Ukiingia ungeona umaskini kwa macho yako.

Akaingia. Kijana nadhifu, ana ubao wa fomu mkononi, na kwa bahati mbaya alikuwa amelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Habari za biashara?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Akaweka alama.

Sasa usinicheke kabla hujajiangalia. Hiyo "nzuri" haikutoka kichwani mwangu, ilitoka tu. Hata msibani ukiniuliza habari za hapa nitakujibu nzuri, ndipo nikueleze aliyefariki ni nani. Kila mtu aliyelelewa anajua kwamba shida zinakuja baada ya salamu, ukishashusha pumzi, ukianza na "ila". Nami ndiyo nilikuwa nashusha pumzi. Kijana akafunua ukurasa.

"Subiri kidogo, mwanangu," nikasema. "Hiyo ilikuwa salamu tu."

Akasimama, akarudisha ukurasa, akaishika kalamu juu ya fomu. Alikuwa na adabu kweli. "Nisahihishe, mama? Hebu niambie, hali yenyewe hasa ikoje? Una malalamiko yoyote?"

Mlango ukawa wazi kama hivyo. Nikafungua mdomo. Na katika mlango ule mwingine, wa kupitia watu, akaingia mama mmoja amevaa vizuri, ana mfuko mkubwa, na mfukoni vitambaa vimejaa, rangi moja, vinatosha sare za watu kumi kwa uchache. Sikuwa nimeona mfuko wa namna hiyo tangu mvua zilizopita. Akasimama pembeni, akasubiri tumalize, na masikio yake yalikuwa yakifanya kazi.

Mimi ni fundi. Najua jambo moja kuhusu wateja, kwamba hakuna binadamu anayemwachia vitambaa vya watu kumi fundi anayekaribia kufunga. Nikisema ukweli, ule mfuko unatoka kama ulivyoingia. Nikiusema uongo, nina kazi ya wiki tatu. Nilipima kwa haraka kuliko ninavyopima mabega.

"Malalamiko ya nini, mwanangu?" nikasema, tena kwa sauti ili kila mtu asikie. "Kazi zimenijaa mpaka nyingine nakataa."

"Hongera, mama," akasema, akaandika, akatoka.

Nikamgeukia yule mama na tabasamu nililowakataza wenzangu. "Karibu, mama. Ni sare, siyo?"

Akatia mkono mfukoni, akavipita vile vitambaa vyote, akatoa sketi moja kutoka chini kabisa. "Zipu imekufa. Hii tu naomba unibadilishie. Hivi vya sare nilikuwa nikuachie, ila nimekusikia kazi zimekujaa, na sisi tuna haraka. Kuna fundi mwingine kule mbele, nasikia hana kazi kabisa."

Nilibadilisha zipu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilivunja sindano mbili kwenye zipu moja.

Jioni tukakutana tena kwa kinyozi kuulizana. Kinyozi akasema yeye alimwaga yote, mpaka mkaguzi akatikisa kichwa. Mama wa steshenari akasema alieleza hadi akahisi kizunguzungu. Wakaniuliza mimi. Nikasema kijana wa watu nusura alie. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, akasema tu kwamba anaamini yote yatakuwa sawa, na mimi nikamwambia aanze basi kwa kutuuzia sisi magodoro, maana kwa matumaini yake tunaweza kulala vizuri. Watu wakacheka. Nilihitaji wacheke.

Baada ya wiki mbili majibu yakabandikwa ukutani, chini ya ngazi. Karatasi moja, mistari tisa: namba ya chumba, hali kama mpangaji alivyoieleza, na uamuzi. Namba moja, nzuri, kodi kama kawaida. Namba mbili, nzuri, anamshukuru Mungu, kodi kama kawaida. Namba tano, kwa kinyozi aliyemwaga yote, nzuri sana. Mama wa steshenari, nzuri, mpangaji ni mchangamfu. Na mimi, mwandishi wa barua, mwalimu wa mazoezi: nzuri mno, kazi zimejaa, nyingine anakataa, kodi kama kawaida na iangaliwe uwezekano wa kuongezwa mwakani.

Tulisimama pale watu wanane, kila mmoja amezuia mstari wake kwa bega. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kinyozi akajaribu kusema mkaguzi amekosea kuandika, akaona hakuna anayemuunga mkono.

Namba saba ilikuwa tofauti na zote. "Mbaya. Hajauza tangu miezi minne iliyopita. Anakaribia kufunga. Anaomba asaidiwe. Ombi limekubaliwa, nusu kodi kwa miezi sita."

Nikaenda mpaka namba saba. Alikuwa kwenye kigoda chake, shati limechomekewa.

"Ulimwambia nini yule kijana?" nikamuuliza.

"Ulichotufundisha, shemeji. Hali ni mbaya, bwana, tunakaribia kufunga. Alinisalimia, nikaitikia, nikamwomba akae, nikamwambia. Halafu machozi yakanitoka kidogo. Hayo hayakuwemo kwenye mazoezi, samahani." Akanitazama bila hila yoyote. "Kwani si tulikubaliana?"

Nikamwambia ndiyo, tulikubaliana. Nilijiona mdogo mbele ya mtu niliyemcheka mwaka mzima.

Mwisho wa mwezi nikafunga namba tatu. Ufunguo niliukabidhi mwenyewe. Meza ya mama haikuwa na pa kwenda, na shemeji hakusubiri nimwombe. Alikodi mtu wa kumsaidia, wakahamisha magodoro kumi na mawili kutoka kona ya dirishani na kuyapandisha juu ya mengine, wakaniingizia meza na cherehani. Alinikatalia kabisa kulipa chochote. Mdogo wangu alileta chai, akamsifu mumewe mbele yangu, nami nikakubali kila alilosema.

Sasa nashonea humo, magodoro yamenizunguka pande tatu, nikikanyaga cherehani sauti haitoki nje hata kidogo. Viuno bado vinakuja kupunguzwa. Na kila anayepita, shemeji anainuka kwenye kigoda, anamwonyesha ile kona kwa mkono mzima.

"Karibu ndani," anamwambia. "Tumepanua biashara."

Mgeni ananigeukia mimi, aone kama ni kweli. Natikisa kichwa kwamba ndiyo, ni kweli, halafu nainamia kazi. Aibu ninayo, tena nyingi, lakini pa kuipeleka sina.