Kioo cha Dukani kwa Harith

Uvumi ulimfikia Mwikali akipiga pasi foronya za hoteli, Jumatatu asubuhi, na tangu hapo haukumtoka. Aliyeuleta ni Wanjira, aliyekuwa akikunja taulo upande wa pili wa meza. Aliusema kwa sauti ile ile ambayo mtu hutaja kwamba nyanya zimepanda bei.

"Nasikia kwa Harith kumeletwa mashine inayokaribisha watoto ndani."

"Ndani ya duka?"

"Ndani ya mashine."

"Na wakiingia?"

"Wanakaa. Ndivyo nilivyosikia. Hebu nipe hayo maji ya kunyunyizia."

Mwikali akampa maji. Lakini siku hiyo aliunguza foronya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na msimamizi akamkaripia mbele ya watu.

Mwikali alikuwa ameshuka Malindi kutoka Kitui mwaka ule wa njaa ya mahindi ya manjano, na binti yake wa pekee, Hannah. Walipanga chumba mtaa wa Shela, katika nyumba ya Bi Zeina, ambaye babu zake waliijenga kwa matumbawe na mikono ya watu wengine. Hannah alikuwa darasa la tano. Akitoka shule hupitia dukani kwa Harith kununua mafuta ya taa na mkate, kwa kuwa mama yake alirudi jua likizama, na siku nyingine likiwa limezama kitambo. Wageni wa hoteli walipenda mashuka mapya kila walipotoka baharini.

Uvumi ule ukamganda kama kupe. Akiteka maji, anausikia. Akimenya vitunguu, anausikia. Alifikiri kumkataza mtoto asifike kwa Harith, lakini mafuta ya taa yangenunuliwa na nani? Basi akamwambia, "Ukifika pale, nunua urudi. Usisimame simame."

Hakumwambia lolote kuhusu kukaribishwa. Hilo alikuwa amekwisha kumfundisha zamani, kama alivyofundishwa yeye na mama yake: ukikaribishwa, vua viatu uingie, ukiambiwa ule, kula hata tonge moja. Mtu akikukaribisha ukakataa, umemwambia machoni kuwa yeye ni mchawi.

Mashine yenyewe ilitoka katika hoteli moja ambayo wageni wake walikuwa wamechoka kuichezea. Ililetwa kwa mkokoteni, ikawekwa kando ya friji ya soda. Ilikuwa na kimo cha kabati la nguo, na kioo usawa wa kifua, na chini ya kioo kijiti chenye kichwa chekundu na tundu la kutilia sarafu. Ilitengenezwa nchi za mbali sana, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Shela kabisa, kila herufi mahali pake. Alasiri watoto walipopita, ilisema, "Karibu, mwanangu."

Watoto wa Bi Zeina waliijibu, "Ahsante, starehe," wakachukua mkate wao wakaenda zao.

Alhamisi ilimwambia Hannah maneno hayo hayo. Hannah akaweka chini chupa ya mafuta ya taa, akavua champali, akaingia.

Jioni Mwikali alizikuta champali zimepangwa vizuri mbele ya mashine, zikielekea kioo. Chupa ilikuwa imejaa, na kizibo chake kimekazwa. Wanjira naye alikuwapo, bado na sare ya hoteli.

"Gitau wangu aliingia jana," Wanjira akasema.

"Hajatoka?"

"Bado. Lakini anaonekana ana afya."

Mwikali akasogea kwenye kioo. Humo mlikuwa na giza zito kuliko mbingu ya Kitui mwezi ukiwa haupo, na ndani ya giza hilo ngazi za buluu zilipanda, na madaraja ya rangi ya pinki yakakatiza, na mapipa ya moto yakabiringika kutoka juu yakilia kama matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati. Katikati ya hayo yote alikuwa Hannah, kimo chake kidole kimoja. Sare yake ya shule, iliyochakaa mgongoni, ilikuwa inawaka kama kaa lililopulizwa. Pipa lilikuja, akaruka. La pili likaja. Akaruka juu zaidi, akakaa hewani kidogo kama mtu aliyesahau kushuka.

Nyumbani mtoto huyu hukohoa kwa moshi wa jiko. Humu mwanga wake ulifika hata kwenye mikono ya watu waliokuwa wamesimama dukani. Muuza maji alikuwa amevua kofia. Mwikali alijifunika mdomo. Hakujua kuwa amezaa kitu kinachoweza kung'aa hivyo.

"Mwaitu!" Hannah akaita. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Sauti ilikuja nyembamba, kama ya mtu aliye nyuma ya ukuta. "Mwaitu, nitazame!"

"Nakutazama, mwanangu."

"Mwanao hodari, mashallah," Harith akasema, akifuta chupa za soda. "Tangu alasiri hajaanguka hata mara moja."

"Anatokaje?"

"Kwa hilo, Mama Hannah, nami sikupewa maelezo. Waliniambia tu nisiimwagie maji."

Usiku ule Bi Zeina alimletea Mwikali sahani ya wali, akaketi naye mlangoni.

"Maskini, kwani hukumfundisha mtoto kusema starehe?"

"Starehe ya nini, Bi Zeina?"

"Karibu si lazima iwe karibu, mwanangu. Mtu anakula, wewe wapita, atakwambia karibu. Hiyo ni adabu yake. Nawe wamwambia starehe, wapita zako. Hiyo ni adabu yako. Ukiketi kila uambiwapo karibu, si utawamaliza watu chakula?"

"Kwetu ukikataa, umemdharau mtu."

"Ndiyo maana," Bi Zeina akasema, "kioo kimejaa watoto wa bara."

Kesho yake Mwikali alikwenda kazini, kwani asiyefika kazini hana kazi. Saa ya chakula aliomba ruhusa akakimbia dukani. Kijiti kilikuwa kimeshikwa na mgeni mmoja, Mzungu mwenye mabega yaliyoiva kwa jua. Alikisukuma kushoto, Hannah akaenda kushoto. Akakivuta kulia, Hannah akaenda kulia. Hannah alikuwa ameanza kugeuza uso amtazame mama yake, lakini mgeni alimtaka juu, akapanda juu.

Mgeni alikuwa mtu wa heshima. Alipoona mama amesimama nyuma yake alisogea kidogo ili naye aone vizuri, akamchekea. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi yenye manukato. Mwikali aliijua harufu ile. Aliipiga pasi asubuhi.

Aliporudi dukani jioni, mgeni alikuwa ameondoka na amekuja mwingine. Hannah alikuwa bado anakimbia.

Hapo Mwikali akaenda kumwita naibu chifu, Mzee Dena. Mzee Dena hakuchelewa. Alifika na kofia yake ya serikali, akaiweka juu ya friji, akainama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye wako?"

"Ndiye, mzee."

"Amepigwa?"

"Hapana."

"Amelala njaa?"

Mwikali akatazama. Juu ya madaraja yale kulikuwa na matunda madogo mekundu, na watoto waliyaokota wakipita. "Anakula matunda."

"Sasa mama, mimi niandike nini? Mtoto amekaribishwa na mwenyewe akaingia, viatu kavua kwa mkono wake. Na wageni wanampenda. Wageni ndio mji huu, mama. Wakiondoka wageni, hata wewe hiyo pasi utampigia nani?"

Kisha Mzee Dena akatia sarafu. Hakuwa hodari wa kucheza. Hannah alianguka kutoka ngazini, akawaka na kuzimika, akainuka, akaanguka tena.

"Samahani, mama," Mzee Dena akasema, akichukua kofia yake. "Mkono umekauka."

Wanjira alimwambia avumilie. Lakini Jumapili alasiri, Harith alipokwenda kusali, Mwikali aliingia nyuma ya mashine, akaushika waya uliokuwa ukutani, akauchomoa. Kioo kikafa. Alizunguka mbele upesi akapanua mikono, kama mtu anayempokea mtoto anayeshuka mtini. Akangoja. Friji ya soda ilinguruma pembeni. Hakuna kilichoshuka.

Harith aliporudi hakumgombeza. Alirudisha waya mahali pake, kioo kikawaka, na watoto wote wakatokea chini kabisa, kwenye daraja la kwanza, wamepangana kama siku ya kwanza ya shule. Nyuso zao zilikuwa safi, hazina alama ya jana. Hannah alimwona mwanamke amesimama mbele yake mikono wazi.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ambayo mtoto mwenye malezi humsalimia mwanamke yeyote anayemkuta dukani.

Mwikali alishusha mikono. Lakini salamu haiachwi hewani.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Mteja akasogea, akatia sarafu, Hannah akaenda kulia.

Usiku huo stima ilipotea mtaa mzima, na Mwikali alikaa kitandani akiomba isirudi kwa kishindo ikakiunguza kioo. Tangu hapo kila taa ilipopepesa hotelini, pasi ilimsimama mkononi.

Ni Wanjira aliyemwonyesha namna ya kushika kijiti. "Usikivute kama kamba ya ndoo," akamwambia. "Taratibu. Kama unavyopitisha pasi kwenye kola." Mwikali akatia sarafu yake, kwa kuwa Harith alisema duka ni duka, mama wa mtoto au asiye mama wa mtoto. Akamchukua Hannah kutoka chini, akampitisha nyuma ya pipa, akamngojesha, akampandisha. Kule juu kushoto, chini ya ngazi ya mwisho, kulikuwa na pembe ambayo mapipa hayakufika. Akamfikisha hapo, akakiachia kijiti.

Hannah alitazama huku na huku. Kisha akaketi. Lilikuwa jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kumwacha alifanye.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi. Jioni, kazi zikiisha, akina mama wa bara walipanga foleni kwa Harith, wengine na sare za hoteli, wengine na vikapu vya soko. Kila mmoja alimshika wake, akampeleka pembeni akapumzike, akampisha mwenzake. Harith aliwawekea benchi. Wanjira alimwimbia Gitau kwa Kikikuyu, na mapipa yalibiringika kwa mbali, na mwanga wa watoto ukawaangukia usoni hata wakaonekana kama watu walio mbele ya altare. Makovu ya pasi kwenye mikono ya Mwikali yaling'aa buluu, dhahabu, kijani. Hata waliokuja kununua chumvi tu walisimama mpaka foleni iishe.

Jioni moja Hannah, ameketi pembeni mwake, alimtazama kwa makini.

"Mama, wewe hunikimbizi."

"Sikukimbizi."

"Jina lako nani?"

"Mwikali."

"Mimi Hannah."

"Najua," Mwikali akasema.

Mtoto akafikiri kidogo. "Kesho utakuja?"

"Nitakuja."

Akangojea mpaka Hannah akalaza kichwa juu ya magoti, kisha akampisha aliyekuwa nyuma yake, akaenda nyumbani kulala. Asubuhi saa mbili duka lilifunguliwa. Wageni walikuwa wamekwisha kupanga foleni nje, wamependeza, wamejipaka mafuta. Mashuka yao yalikuwa mezani kwa Mwikali, na pasi ilikuwa imepata moto.

Basi wenye watoto, shikeni haya:

Usimfundishe mtoto kuingia kila anapokaribishwa. Ajue kusema "starehe" kabla hajajua kusoma.

Usisikie uvumi ukaunguza foronya tu. Ondoka siku hiyo hiyo ukatazame.

Usiuchomoe waya, hata moyo ukikutuma.

Usimpelekee naibu chifu shauri hilo. Atacheza.

Usidhani mgeni hawezi kumchosha mtoto kwa sababu ni mpole na anacheka.

Ukimfikisha wako pembeni, usimsahau wa mwenzio aliyebaki katikati ya mapipa. Mama yake huenda yuko zamu.

Na usiseme wako ni mkubwa, au ni mzito, au ni mtoto wa kanisani, hataingia. Kioo bado kina nafasi.