Sifuri za Jumatatu

Chumba cha vidonda kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita choo cha wafanyakazi, na mgeni alikifikia kwa kufuata harufu ya dawa tu. Kilikuwa na vitanda viwili vya mpira uliopasuka na kuzibwa kwa plasta, meza ya magurudumu ambayo gurudumu moja lilishakufa zamani, bakuli za chuma, mikasi, koleo ndogo, na rafu ya shashi zilizokunjwa miraba miraba, pembe kwa pembe. Aliyezikunja ni muuguzi ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Bandeji. Miaka kumi na tisa alikuwa akiosha na kufunga vidonda vya watu humo ndani, na magoti yake yalishaanza kumdai.

Kwenye msumari ukutani ilining'inia fomu ya siku. Haikuwa na mambo mengi: tarehe, idadi ya wagonjwa, sahihi. Jioni fomu ilikwenda chumba cha takwimu, na huko karani mmoja aliiingiza kwenye kompyuta. Karani huyo alikuwa binti wa marehemu dada yake, mtu mzima mwenye watoto wawili, na Mama Bandeji ndiye aliyemhangaikia hiyo kazi.

Sasa, taabu ilikuwa Jumatatu. Jumamosi na Jumapili chumba kilifungwa, kwa hiyo Jumatatu vidonda vyote vya siku tatu vilikuja pamoja. Watu walijaa benchi, wakajaa sakafu, wengine wakaegemea ukuta mguu mmoja juu kama kuku. Siku hiyo Mama Bandeji hata chai hakunywa. Ilipofika saa kumi alitia sahihi kwenye fomu akajiendea zake, kisanduku cha idadi kikiwa kitupu.

"Mama mdogo, hii programu imenigomea tena," binti alimpigia simu Jumatatu moja. "Inataka namba. Nikiacha wazi inakuwa nyekundu, ripoti nzima haiendi."

"Mwanangu, nina mtu hapa kidonda kimeachama kama mdomo."

"Sasa niandike ngapi?"

"Weka sifuri, ipite. Nitakuja tuhesabu vizuri."

Hakwenda. Jumatatu iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka hata simu zikakoma, kwa sababu binti alishajua la kufanya. Siku nyingine za msongamano nazo zikapata sifuri zao. Mwaka ukaisha.

Ndipo akaja mtakwimu kutoka makao makuu, kijana mpole mwenye miwani na viatu vilivyong'arishwa. Wakuu wa vyumba waliitwa ukumbini, naye akawasha mashine yake na kutupa picha ukutani: nguzo za rangi, ndefu na fupi, kila chumba na zake, moja kwa kila siku ya juma.

"Kila chumba kinatakiwa kuhudumia watu kumi na watano kwa siku," alisema. "Chumba cha vidonda, wastani wake ni saba. Pendekezo ni kukifunga, wagonjwa waende hospitali kuu."

Hospitali kuu ilikuwa mabasi mawili na kilima. Mama Bandeji aliwaza miguu anayoifahamu, mmoja mmoja, akaona hakuna utakaofika. Kisha akaitazama nguzo ya Jumatatu. Haikuwepo. Palikuwa na mstari tu, mwembamba kama uzi.

"Kumbe Jumatatu huwa unajilalia, Mama Bandeji!" alinong'ona mtu wa maabara, na mstari mzima wa viti ukacheka.

Yeye hakucheka. Mkutano ulipokwisha alikwenda moja kwa moja chumba cha takwimu.

Alimkuta binti mezani kwake. "Zile sifuri," alisema, akiwa bado hajakaa. "Zile nilizokwambia uweke."

Binti alitoa mikono kwenye kibodi. "Mama mdogo, si ulisema utakuja kurekebisha?"

"Nilisema."

Wakaenda wote wawili kwa mtakwimu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, kisha akabonyeza hapa na pale. "Nikiziondoa sifuri zote, wastani unapanda hadi kumi na moja."

"Bado hautoshi?"

"Hautoshi, mama. Nikiondoa sifuri nimeondoa na Jumatatu zenyewe. Zinabaki siku zako nyepesi peke yake. Ninachohitaji ni hesabu halisi ya siku zile. Hukuandika popote?"

Hakuandika popote. Alizikumbuka sura, alikumbuka kidonda cha nani kilikuwa na usaha na cha nani kilianza kuota nyama, lakini sura haziingii kwenye kisanduku. Alikuwa amekwishashika mlango ndipo akakumbuka stoo. Kila pakiti ya shashi iliyotoka iliandikwa daftarini kwa tarehe.

Mtakwimu alilifungua daftari, na uso wake ukachangamka. Jumatatu, pakiti arobaini. Jumatatu, pakiti arobaini na tatu. "Mgonjwa mmoja hutumia ngapi?"

"Moja. Nazibana, baba, hazitoshi."

Alikaa na mashine yake mchana kutwa akikadiria. Jibu likatoka: watu kumi na wanane kwa siku. Binti alimkumbatia mama yake mdogo palepale, na Mama Bandeji akarudi chumbani kwake akakunja shashi huku akiimba kwa sauti ya chini.

Kesho yake mkuu wa hospitali aliwaita. Mezani alikuwa amelaza daftari la stoo na ripoti za kompyuta ubavu kwa ubavu.

"Nisomee hii tarehe," alimwambia Mama Bandeji. "Wagonjwa wangapi?"

"Sifuri, mheshimiwa, lakini..."

"Shashi?"

"Arobaini."

"Shashi arobaini kwa wagonjwa sifuri. Ama kuna mtu anazibeba kwenda nyumbani, ama mmenijazia namba za uongo mwaka mzima. Chagua moja."

Mtakwimu alijikohoza. "Mheshimiwa, kukadiria kwa njia hii kunakubalika kitaalamu..."

"Nipeleke juu makadirio, huku fomu zenye sahihi yake hazina idadi? Watauliza na vyumba vingine vimedanganya nini."

Binti alifungua kinywa. Mama Bandeji alimwahi. "Mimi ndiye niliyeagiza ziwekwe. Karani alimtii mtu mzima. Mwacheni."

Walimwacha. Lakini takwimu zote za chumba cha vidonda zilitangazwa kuwa haziaminiki, zikafutwa. Mtakwimu alipotoa picha yake upya, chumba hakikuwa na nguzo fupi wala ndefu, hakikuwemo kabisa. Kijana aliomba radhi, akakunja waya zake, akaondoka. Kufunga kuliwekwa mwisho wa mwezi.

Jumatatu ya mwisho walikuja thelathini na wanane. Mama Bandeji aliwahesabu mmoja mmoja kwa vijistari vya kalamu, na jioni akaipeleka fomu mwenyewe.

Binti aliitazama, akaitazama kompyuta. "Wamekitoa kwenye programu, mama mdogo. Sina pa kuiingiza."

"Basi iweke tu hapo."

Akarudi chumbani kwake, maana alikuwa amebaki mmoja, mzee mgonjwa wa sukari mwenye kidonda cha kisigino, anayeishi peke yake. Alimwosha taratibu kwa maji ya chumvi, akamweleza namna ya kuchemsha maji nyumbani, namna ya kukunja shashi, namna ya kuzungusha bandeji isibane. Akampa pakiti sita, zilizobaki zote.

Mzee alisikiliza kwa makini, akajaribu kuupindisha mguu wake aone. Haukufika. Akajaribu tena, akishika ukingo wa kitanda, mpaka akatweta.

"Mama," alisema, "huko nyuma nitaonaje?"

Mama Bandeji alimshusha mguu chini, akamvalisha kiatu, akafunga kamba.