Karatasi Nyeupe ya Mheshimiwa Kiti Tupu

Jina la Chiriku alipewa ofisini, wiki ya kwanza tu ya kazi, baada ya kuongea ndani ya lifti kutoka ghorofa ya chini mpaka ya sita bila kuvuta pumzi. Mtu aliyekuwa akiongea naye alishukia ya pili.

Shirika lao lilikuwa la watu wawili na nusu. Mmoja Chiriku. Wa pili Mwalimu, mzee aliyefundisha fizikia miaka thelathini na kustaafu na chaki bado mfukoni. Ile nusu ni mkurugenzi, ambaye siku zote yuko safarini kwenye mikutano, na huonekana zaidi kwenye picha kuliko kwenye kiti. Kazi yao ni moja: kuwafuata wabunge, mawaziri na washauri wao mpaka wakubali kwamba silaha za nyuklia zipigwe marufuku na zisienee kwa wengine. Watu walipomuuliza Chiriku, "Kwani nchi yetu ina bomu?" alijibu, "Hatuna, na tunataka tubaki hivyo hivyo. Wenye nalo nao tunawaonea huruma, tunataka wapumzike."

Asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya kupumzika. Serikali ilikuwa imetia saini mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo miaka mitano nyuma, lakini Bunge lilikuwa halijauridhia, na mkataba uliotiwa saini bila kuridhiwa ni kama posa iliyopokelewa halafu harusi haitajwi tena. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Bunge. Jioni linavunjwa, wabunge wanarudi kuomba kura, na kila kitu ambacho hakijapita kinaanza upya. Kamati ya mambo ya nje ingekutana saa nne. Ikipitisha pendekezo, Bunge zima lingepiga kura saa sita. Isipopitisha, basi tena.

Na kamati haiwezi kupitisha hata salamu bila akidi, yaani wajumbe saba kukaa kitini. Chiriku na Mwalimu walikuwa wamehesabu, wakahesabu tena, wakahesabu kwa vidole vya mikono na vya miguu. Walikuwa na sita wa kuhudhuria.

Wa saba alikuwa mbunge ambaye wao wenyewe walimbatiza Kiti Tupu. Kila mkataba ulipowekwa kwenye ratiba, yeye hayupo. Mara mafua, mara msiba, mara gari limegoma. Miaka mitatu.

"Leo nampata," Chiriku alisema, wakipanda ngazi za jengo la ofisi za wabunge. Lifti ilikuwa mbovu, na hilo lilimfaa Mwalimu, angalau masikio yake.

"Mpe karatasi, mwambie saa nne, toka," Mwalimu alimwonya huku akihema. "Usimhutubie, mwanangu. Yule si mkutano wa hadhara."

"Mimi? Kuhutubia? Mwalimu, nitakuwa bubu leo. Utanisahau."

"Nitafurahi kujaribu."

Chiriku alibisha hodi, akaingia, akamkabidhi Mheshimiwa bahasha kwa mikono miwili, akasema maneno kumi na mawili kamili, akatoka. Mheshimiwa, mtu mnene wa makamo mwenye tai ya bluu iliyonyooka kama rula, aliitikia "Asante binti," bila kuinua macho. Chiriku alifunga mlango akarukaruka kwenye korido kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Umeona? Kumi na mawili! Nimehesabu!"

Mwalimu alikuwa amefungua jalada alilobeba Chiriku, kama alivyozoea kukagua madaftari, na alikuwa anaitazama karatasi moja nyeupe kwa macho ya mtu aliyeona nyoka kwenye soksi.

Hapa inabidi tueleze utaratibu wa ofisi. Kwa kila mbunge waliandika karatasi mbili. Nyeupe ni yake: mkataba kwa ufupi, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Njano ni yao: huyu mtu ni nani, anapenda nini, anaogopa nini, nani anamsikiliza. Njano haitoki ofisini, hata ofisi ikiungua. Lakini jana karatasi za njano zilikwisha, duka lilikuwa limefungwa, na Chiriku, kwa akili zake timamu, akasema si neno, akachapa zote kwenye nyeupe.

"Chiriku," Mwalimu alisema taratibu, "kama ya mkataba ninayo mimi hapa, umempa nini?"

Kilichomtisha Chiriku si kwamba ile karatasi ilikuwa ya siri. Kilichomtisha ni kwamba aliiandika yeye, na alikuwa ameinogesha. Alikumbuka kila mstari. *Jina la kazi: Kiti Tupu. Hasomi, mpe picha. Msifie tai. Takwimu zikizidi mbili anasinzia. Dada yake mkubwa ndiye anayemwamulia mambo, tumpitie huyo. Ana kichwa kizuri, hasa kwa kuvalia kofia.*

"Ile ya kofia pia?" Mwalimu aliuliza.

"Ile ya kofia pia."

"Nilikwambia uifute."

"Ulicheka kwanza!"

Walirudi mlangoni mbio, wakasukumana. Chiriku aliingia na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mheshimiwa alikuwa ameshavaa miwani, na karatasi ilikuwa mbele yake, imelazwa sawasawa katikati ya meza.

"Karibuni tena," alisema. "Nimeisoma. Yote. Mtashangaa, maana imeandikwa hapa kwamba huwa sisomi."

"Mheshimiwa, naomba radhi..."

"Nani ameandika?"

Mwalimu alifungua mdomo ajitwishe kosa, mzee wa watu. Chiriku akamwahi. "Mimi. Peke yangu. Mzee huyu alinikataza."

"Baada ya kucheka?"

Kumbe mlango wa pale ulikuwa mwembamba.

"Tai umesema kweli, nazipenda," Mheshimiwa aliendelea. "Takwimu kweli zinanilaza. Kofia..." Alijishika kichwa, akakipapasa. "Kofia tutaongea siku nyingine. Lakini kwa dada mmekosea. Mnasema ananiamulia mambo. Dada yangu alinilea tangu nina miaka minne. Mwaka wa nne sasa anaumwa saratani, anachomwa mionzi hospitali ya rufaa. Mashine ni moja nchi nzima. Siku ya kwanza mkataba wenu ulipokuja kwenye kamati, mwenzangu mmoja aliniambia kwenye chumba cha chai: tukipitisha marufuku ya nyuklia, na ile mashine inazimwa. Sasa nifanye nini? Nipige kura ya kutetea mabomu? Siyataki. Nipige kura ya kumzimia dada yangu mashine? Nikaona bora nisiwepo."

Chiriku alishusha macho kwenye ile karatasi mezani.

"Miaka mitatu mnanifuata na picha za mabomu," Mheshimiwa alisema. "Picha za moshi, picha za miji imeteketea. Hata mmoja wenu hajaniuliza, wewe mzee, unakwepa nini?"

Mwalimu alikwishavuta kiti bila kukaribishwa. Alitoa mkataba wenyewe mfukoni, umekunjwa mara nne, akaufungua kwenye ukurasa aliokwisha kuupigia mstari kwa penseli. "Mheshimiwa, soma hapa. Matumizi ya amani hayaguswi. Hospitali, kilimo, utafiti, haviguswi."

Mheshimiwa alisoma. Alisoma tena, kidole kikifuata mstari. Halafu akavua miwani.

"Karatasi zenu mimi nitaziamini vipi leo? Hapana. Nitakuja kwenye kamati. Na huyu binti nitamuuliza mbele ya watu, jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za Bunge. Akidanganya, adanganye mchana kweupe."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane, na chumba cha kamati kilikuwa jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Waliteremka ngazi watatu kwa mpigo. Mheshimiwa alikimbia kwa namna ya watu wazito, juu anatikisika lakini chini anafika. Mwalimu alikimbia ameshika suruali. Chiriku alitangulia akifungua milango na kupiga kelele, "Pisheni! Akidi inapita!" na watu wakapisha kwa heshima bila kujua akidi ni mgonjwa au mgeni wa serikali.

Katibu wa kamati, kijana mwenye saa kubwa kuliko mkono, alikuwa ameshika kitasa tayari. "Sita," alikuwa akitangaza. "Kwa kuwa hawajafika saba, kikao..."

"Saba!" Chiriku alimrukia karibu amwangushe. "Hesabu tena, kaka yangu! Saba!"

Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuzima redio, alimtazama Mheshimiwa akivuta kiti. "Umepona mafua?"

"Nimepona leo leo, mama."

Mkataba ukasomwa. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini nchi isiyo na hata bomu la kusingiziwa ihangaike na mambo ya wakubwa. Mwalimu akaruhusiwa kujibu, akasimama kama yuko darasani: bomu likilipuka kwa jirani, upepo haupigi hodi mpakani. Vumbi lenye sumu linaingia mashambani kwetu, na mvua inalishusha hapa hapa. Wajumbe wawili wakaandika. Mmoja akapiga miayo.

Kisha Mheshimiwa akainua mkono. "Ninaye mgeni wa kumuuliza. Yule binti pale ukutani."

Chiriku alisimama.

"Mkataba huu ukipita, utaondoa mashine ya mionzi hata moja hospitalini?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hata moja. Matumizi ya amani yamelindwa, na maandishi haya hapa." Akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, na mwandishi wa kumbukumbu akasikika akibofya.

"Vizuri. Swali la pili. Mashine iliyopo ni moja, na foleni yake ni wiki tano. Mkataba huu utatuletea ya pili?"

Chiriku aliona nyuso zikimgeukia. Wajumbe watatu waliokuwa upande wao walikuwa wanamtikisia kichwa kidogo sana, ndiyo, sema ndiyo, sema labda, sema lolote. Neno moja tu tamu, na kura ile ingeingia kapuni. Na kama kuna mtu duniani aliyejua kutia chumvi, ni yeye. Maneno yalimjaa mdomoni, yamepanga foleni.

Aliyameza.

"Hapana, Mheshimiwa. Hautaleta. Mashine ya pili mtaidai kwa waziri wa afya, na siku mkienda kumdai nitakuja kuwabebea bango. Lakini mkataba huu kazi yake ni moja tu: kusema kwamba mabomu haya hayafai kuwa mikononi mwa mtu yeyote. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Nyuma yake alisikia Mwalimu akishusha pumzi, hakujua ya nafuu au ya msiba.

Mheshimiwa akamgeukia mwenyekiti. "Mama, miaka kumi niko kwenye jengo hili. Nimeahidiwa barabara, madaraja, na uwanja wa ndege. Leo nimesikia 'hapana' ya kwanza. Pigisha kura."

"Wanaokubali?"

Mikono ikainuka. Mitatu, minne. Chiriku alifumba macho. Akafumbua moja. Mitano, na wa tano ulikuwa wa Mheshimiwa, umenyooka juu kabisa kama wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Wanaokataa? Wawili. Pendekezo limepita, linakwenda bungeni saa sita."

Wageni hawaruhusiwi kushangilia kwenye kamati. Chiriku alijua sheria hiyo, ndiyo maana alishangilia kwenye korido, huku amemkumbatia katibu wa kamati aliyekuwa anajitetea kwamba yupo kazini. Mwalimu alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati, anaivaa, anaivua, anaifuta tena.

Mheshimiwa alitoka, tai imekaa upande. Alikuwa anavuta hatua kuwafukuzia wale wawili waliokataa, tayari wameshaanza kuelekea kantini.

"Nyie ngojeni!" aliwaita. "Mnakimbilia wapi? Tukae kidogo, nina swali." Akamgeukia Chiriku. "Na wewe umesimama hapo kama umeshamaliza? Kule ukumbini kuna wabunge mia mbili. Wangapi kati yao nao waliambiwa habari za mashine kwenye chumba cha chai?"

Chiriku alifikiri. Macho yakamtoka pima. "Sijawauliza."

"Una saa moja na nusu."

Hakusikia alichosema baada ya hapo. Alikuwa tayari ameshafika ngazi ya tatu, anamvuta Mwalimu kwa mkono wa koti, na mbele yao mbunge wa kwanza alikuwa anatoka msalani akijikausha mikono, hana habari.

"Shikamoo Mheshimiwa! Dakika moja tu. Sikupi karatasi. Nataka kukuuliza, unaogopa nini?"