Shungi la Siku ya Usaili

Msiniambie nywele ni nywele tu. Mtu akiniambia hivyo namwangalia kuanzia utosini mpaka kisogoni, na kabla hajamaliza kusema nimeshajua jinsi ya kumgeuza hakimu au mwizi wa kuku. Miaka kumi na minane nasuka na kunyoa waigizaji wa filamu. Tulikuwa na mmoja tukimwita Jambazi, maana kila filamu alipewa bunduki. Paji lake fupi, nyusi zimesogeleana, na yeye mwenyewe alikuwa akizidisha mambo kwa kunyoa upara. Nikamwambia, kaka, acha nywele ziote vidole viwili juu, pembeni nitakupunguzia, na ndevu zifunike hilo taya. Akacheza daktari. Filamu ilipotoka, watu wakawa wanamsimamisha barabarani kumweleza migongo inavyowauma, na yeye, kiumbe yule, anatikisa kichwa na kuwashauri wanywe maji mengi!

Kwa hiyo najua ninachokifanya, na hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa msusi wa kubahatisha ningekuwa na pa kujifichia.

Kazi yangu inaanza na uzi. Napima uso mara tatu: kutoka nywele zinapoanzia hadi nyusi, kutoka nyusi hadi ncha ya pua, kutoka pua hadi kidevu. Vipande vikilingana, mtu huyo msuke upendavyo, atapendeza hata ukimfunga kamba. Visipolingana, nywele ndizo zitakazosawazisha. Naandika vipimo kwenye daftari, na kando nabandika picha tatu za mwigizaji, mbele, kushoto na kulia.

Uso wa mdogo wangu sihitaji kuupima. Nimembeba mgongoni huyu. Paji lake pana, na kidevu kimezidi kwa upana wa kidole kimoja. Ukizivuta nywele zake zote juu ukazifunga shungi utosini, panja zikabaki wazi, uso unarefuka mpaka mtu anacheka bila kujua anacheka nini. Ndivyo alivyoonekana katika filamu zake zote: jirani mbea, mtumishi anayetega sikio mlangoni, mke wa mlevi. Watazamaji wakambatiza Bi Vituko. Shungi lile lilikuwa kazi ya mikono yangu. Waongozaji walitaka kicheko, nami nikawapa kicheko.

Ikaja filamu ya mjane. Mwanamke kafiwa na mume, wakwe wanataka kumnyang'anya mtoto, naye anasimama mahakamani peke yake. Mhusika mkuu, mwanzo mpaka mwisho. Mdogo wangu akasema huyo ni wake, na akisema jambo huyo hasikii la mtu. Wiki tatu alifanya mazoezi jikoni, kijiko mkononi, huku akimlisha mama supu. Mama alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia hausogei, na maneno yanamtoka moja moja. Mdogo wangu ndiye anayeishi naye. Mumewe ni dereva wa malori, kwa mwezi wanaonana wiki moja. Ni yeye anayemgeuza mama, anayemwogesha, anayeamka mama akikohoa. Mimi nilikuwa nakwenda Ijumaa na mfuko wa matunda, nakaa saa mbili, naondoka kama mgeni.

"Dada," aliniambia, "nikipata, kazi yenyewe ni wiki kumi na ni mbali. Utahamia hapa ukae na mama. Nimekuvumilia miaka miwili, na wewe nivumilie wiki kumi."

"Hilo nalo la kuuliza?" nikajibu.

Nilijibu haraka mno. Nilipofika kwangu nikaanza kupiga picha za kichwani: mimi nikiosha mashuka, mimi nikiacha kazi zangu kwa wasusi wengine, mimi na harufu ya dawa toka asubuhi hadi asubuhi. Moyo ukaingia baridi. Mama yangu mzazi, jamani! Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya usaili ilikuwa Jumanne. Akaketi mbele yangu kwenye chumba cha kupambia, nywele zake zimefumuliwa, laini, nyingi, na akaniangalia kwenye kioo.

"Leo si uniteremshie kidogo mbele?" akauliza. "Huyu mjane si wa kuchekesha."

"Mwongozaji anataka uso wazi," nikasema. "Anataka macho yaonekane."

Mwongozaji hakusema neno kama hilo. Hata salamu tulikuwa bado hatujapeana siku hiyo.

"Haya, wewe ndiye fundi," mdogo wangu akasema, akafumba macho.

Nikazivuta. Nikapaka jeli, nikachana kuelekea juu, nikabana panja mpaka nyusi zikainuka, nikafunga shungi utosini. Nilikuwa najiambia hapana, wewe mwanamke, acha, na vidole vinaendelea tu. Nilipomaliza nikampulizia mafuta ya kung'arisha na nikamwambia, "Nenda kawaoneshe."

Nilisimama nyuma ya chumba cha usaili, chanuo mkononi. Mdogo wangu aliigiza mjane anaposoma barua ya mahakama. Sauti yake ilinisisimua mwili, haki ya Mungu. Angekuwa redioni pangekuwa na kilio nchi nzima. Lakini kamera ilikuwa inamtazama, na mpiga picha akauma mdomo, na mtu mmoja karibu na mlango akatoa sauti puani. Mwongozaji mwenyewe akajishika shavu kuzuia kicheko, kikamshinda.

"Samahani, mama," alisema. "Kwa vichekesho huna mpinzani. Ila huyu mjane, akilia, watu wasicheke."

Mdogo wangu akacheka pamoja nao. Akapiga na goti lile la kuchekesha la Bi Vituko, wakapiga makofi, akatoka.

Jumatano sikwenda kumwona. Alhamisi, bila kungoja Ijumaa yangu, nikajipa moyo, nikaenda na matunda yangu. Nikamkuta chumbani kwa mama anamkata kucha.

"Nimewapigia simu wale wa filamu," alisema bila kuinua kichwa. "Nimewaambia basi, siigizi tena."

"Kwa usaili mmoja tu?"

"Dada, nimejaribu. Kulia najua, maneno nayajua. Ni huu uso. Mungu ndiye aliyenipa, sasa nimkasirikie nani?" Akapuliza vumbi la kucha. "Tena afadhali. Ningekwenda, mawazo yangekuwa hapa kwa mama. Wewe kazi zako nyingi."

Alinionea huruma! Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikasema nina haraka. Nje nikaegemea ukuta wa jirani, roho inanisuta, nikajitukana matusi ambayo mama angekuwa mzima angenilamba kofi.

Ijumaa asubuhi nikaenda ofisini kwa mwongozaji. Alikuwa na picha mbili za waigizaji mezani, hajaamua.

"Mpe mdogo wangu nafasi nyingine," nikamwambia. "Nywele zake zilikosewa."

"Nani alikosea?"

"Mimi."

Akavua miwani. "Wewe? Nimefanya kazi na wewe filamu saba. Wewe hukosei nywele."

Angesema tu sawa ingekuwa rahisi. "Basi sikukosea. Nilifanya makusudi."

Hakuuliza sababu. Alinitazama kama mtu aliyekuta mdudu kwenye chakula chake, kisha akasema, "Kesho saa nne. Mlete na kichwa unachokijua wewe. Mambo yetu mimi na wewe tutayaongea baadaye."

Jumamosi alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mama na sanduku langu la kazi. Nikamwambia mdogo wangu mwongozaji amekubali kumwona tena. Akakataa. Akasema hakuzaliwa kuchekwa mara mbili kwa wiki moja. Nikambembeleza, nikapiga magoti pale jikoni, mpaka akashtuka.

"Una nini wewe? Inuka. Haya, kama ni kwa ajili yako nitakwenda."

Nikamketisha jikoni, kioo nikakiegemeza kwenye ndoo ya maji, nikakigeuza asijione. Nikaosha jeli yote ya Jumanne, maana alikuwa hajagusa kichwa chake tangu siku ile. Nikakausha. Nikagawa nywele pembeni, juu ya jicho la kushoto. Za mbele nikazikata kidogo, nikaziteremsha zivuke paji zikakae karibu na nyusi. Za pembeni nikazijaza upana usawa wa masikio, za nyuma nikazikusanya chini kisogoni. Juu utosini sikuacha kitu kimesimama. Nilipofika nusu, nikaweka chanuo chini.

"Jumanne nilikuharibu," nikasema. "Mwongozaji hakutaka uso wazi. Nilitunga. Sikutaka upate, kwa sababu sikutaka kubaki na mama."

Kutoka chumbani tulimsikia mama akikohoa mara moja, akatulia.

"Umenisikia?" nikauliza.

"Nimekusikia. Maliza, muda unakwenda."

Nikamaliza. Sijawahi kusuka kichwa kwa uangalifu namna ile, na machozi yananidondokea kwenye kola yake. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa makelele, kwa matusi, hata kwa kofi. Nilitaka kofi, nawaambia ukweli. Nikachukua kioo nikampa.

Akajiangalia. Kidevu kilikuwa kimerudi mahali pake, macho yamekua makubwa, na mdomo, ambao watu waliuzoea ukiwa umepinda kwa vichekesho, ulikuwa mzuri tu, umetulia. Alikuwa mwanamke mzuri. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akagusa nywele za mbele kwa ncha ya kidole, taratibu, kama ni za mtu mwingine na anaogopa kuzivuruga.

"Hii imekuchukua muda gani?" akauliza.

"Dakika arobaini hivi."

"Na unahitaji dawa gani? Nywele za bandia?"

"Hapana. Ni zako mwenyewe."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Si nimekuambia? Jumanne nilitunga..."

"Siulizii Jumanne." Hakuwa amepandisha sauti. "Naulizia toka zamani. Ulikuwa unajua kwamba mimi naweza kuwa hivi?"

"Filamu zilitaka kuchekesha," nikasema. "Mwongozaji akisema nataka kicheko, mimi nifanyeje?"

"Filamu sawa. Nakubali." Akaweka kioo mapajani, akanigeukia uso kwa uso, na uso wenyewe ule mpya. "Na siku ya harusi yangu, dada? Nani mwongozaji siku ya harusi yangu?"

Siku ile nilimsuka mimi. Nilizivuta zote juu, nikafunga shungi utosini, nikalizungushia maua meupe, nikamwambia ni mtindo wa kimalkia. Mimi nilikuwa mpambe, nimesimama karibu yake na nywele zangu zimenikaa vizuri, na shangazi wa bwana harusi akanong'ona kwa sauti ya kutosha kwamba mzuri wa nyumba hii ni yule mkubwa. Nilisikia. Nikajifanya kurekebisha shela ya mdogo wangu, na moyoni nikafurahi. Mama wakati huo alikuwa mzima wa afya. Hapakuwa na mgonjwa wa kumsingizia.

Alinisubiri, maskini, alinipa nafasi ya kusema uongo mmoja zaidi, nao haukuja.

Akainuka, akaingia kumuaga mama. Mama alimkodolea macho, akainua mkono wake wa kushoto mpaka kwenye shavu la mdogo wangu, akasema maneno mawili aliyohangaika nayo mpaka jasho likamtoka. "Nani... huyu?"

"Mimi, mama. Mwanao mdogo," mdogo wangu akasema, na hapo ndipo sauti ilipomvunjika. Akatoka bila kunitazama.

Alipiga simu mchana.

"Nimepata," alisema. "Hakuna aliyecheka."

"Hongera, mdogo wangu. Hongera sana."

"Tunaondoka Jumatatu. Dawa ya mama ya saa sita umempa?"

"Nimempa."

"Haya. Nimewaambia watafute msusi mwingine." Akakata.

Leo ni wiki ya nne niko hapa. Mashuka nafua, supu nalisha, usiku naamka mama akikohoa, na si kazi ngumu kama nilivyoogopa. Kilicho kigumu ni kumgeuza. Ili umgeuze vizuri lazima usimame upande wa mlangoni, umpitishe mkono chini ya mabega, na ukiinua kichwa unatazamana na ukuta wa juu ya kitanda. Mama, alipokuwa mzima, aliitundika pale picha ya harusi ya mdogo wangu. Mara sita kwa siku naiona. Mdogo wangu amesimama katikati na shungi lake na maua yake, ananitazama mimi niliyesimama pembeni yake na kutabasamu meno yote nje, kwa sababu dakika ile nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba amependeza.