Kimya cha Cherehani

Kabla hajaugua, mdogo wangu tulimwita Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza haukamatiki. Alipopandikizwa uboho wangu na kurudi nyumbani, alikuwa kimya kama mgeni. Ukimpa uji anashukuru. Ukimnyang'anya mto anaachia. Zamani angenirarua.

Mama hakuliona hilo mapema. Alikuwa na maji ya kuchemsha, vitasa vya kufuta na majirani wa kuwazuia mlangoni. Aliyesema ni shangazi, aliyekuja kusalimia akiwa nje ya dirisha, kwa kuwa wageni walikuwa hawaruhusiwi kuingia, wasije wakamwambukiza mtoto. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Wifi," akamwambia mama, "uboho wa bubu umezaa bubu mwingine."

Tulicheka, lakini neno lile liliniganda. Ni kweli naogopa watu. Shule niliiachia njiani, na mojawapo ya sababu ni kuogopa kuitwa ubaoni. Kwa dobi ninakopiga pasi, wateja nawajua zaidi kwa mashati yao kuliko kwa sura. Nikawaza: nimemponya mtoto, halafu nimemharibu.

Siku ya kliniki majibu yalikuwa mazuri. Muuguzi alisema uboho umeshika na damu inajitengeneza vizuri. Akauliza kama tuna swali. Mama akasema hatuna. Mimi nikatazama viatu vyangu, na nikajisikia nikiuliza kama aibu inaweza kupita kwenye uboho.

Muuguzi hakucheka. Alivuta kiti, akaeleza kwamba uboho kazi yake ni kutengeneza damu, haubebi tabia ya mtu. Kimya kina sababu nyingine, akasema, na anayeijua tunaye hapahapa. Akamgeukia mtoto, akangoja.

Sauti ilitoka nyuma ya barakoa, ndogo. "Dada akinikasirikia, atautaka uboho wake."

Mama akajishika kifua. Ni yeye aliyekuwa akimwambia kila asubuhi amheshimu dada yake, kwa kuwa yu hai kwa uboho wa dada. Alikuwa anamfundisha shukrani tu.

Nikachuchumaa mbele ya mtoto. "Wangu umeshaota mwingine. Huo ni wako, hata ukinitukana."

Akafikiri. "Hata nikikupiga?"

"Jaribu uone."

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Tulipofika nyumbani tuliingia kunawa mikono, mimi nikatangulia bombani. Cherehani akanisukuma kwa nyonga. Akasema nimejaa bafuni kama kabati, nisogee, wenzangu wana njaa. Nikamwambia angoje zamu yake. Akasema zamu ni ya wazee wanaochelewa kusogea, akaninyakulia sabuni mkononi.

Mama alikuja mbio, kidole juu, tayari kutuamua. Akasimama, akatusikiliza tukivutana. Kidole kikashuka. Akaketi palepale kizingitini, viatu bado miguuni, akalia bila kujificha, huku akituambia tusimmalizie sabuni.